Mkono Alioukataa Mama Octavian

Pale Bertrams, mtaa wa Johannesburg, mtu akiteguka kifundo cha mguu hakuulizwa kama amekwenda hospitali. Aliulizwa kama amekwisha pita kwa Mama Octavian. Walinzi waliosimama kutwa kwenye milango ya maduka ya Kensington walimpelekea viuno vyao, wasusi walimpelekea mabega, na mwanamke akijifungua, awe wa Kigoma au wa Uvira, kabla mtoto hajapewa jina mtu alikuwa amekwisha tumwa: "Kamwite Mama Octavian aje amkande mzazi."

Jina lake hasa lilikuwa Beatha, mzaliwa wa Mgeta katika milima ya Uluguru. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana na sauti ndogo, na kazi ya kukanda na kuchua aliirithi kwa bibi yake mzaa mama. Aliolewa na Luka, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni Morogoro. Mwaka 1994, nchi ya kina Luka ilipofunguka, Beatha alifunga mizigo akamfuata mumewe Johannesburg, mtoto wao Octavian akiwa mgongoni.

Nyumbani kwa wakwe, Soweto, alikuta mambo mawili. La kwanza, kwamba mumewe kumbe ana jina jingine. Hilo la Luka alijipa njiani alipokimbia nchi, na mama yake hakutaka hata kulisikia. La pili, kwamba mama huyo alikuwa na magoti yaliyokakamaa kama bawaba zenye kutu. Beatha hakujua Kizulu, mkwe hakujua Kiswahili. Wakakaa wakitazamana kama kuku wageni. Asubuhi moja Beatha alichemsha maji, akachukua beseni na taulo, akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi yule na kuonyesha kwa kidole: hapa? Bibi akaguna. Akakandwa. Kesho yake, maji hayajachemka, bibi alikuwa amekwisha vuta sketi juu ya magoti na kusubiri. Kizulu chote alichokijua Beatha alijifunzia pale sakafuni, na kwa muda mrefu alijua maneno ya maumivu vizuri kuliko ya sokoni.

Baadaye nyumba ya wakwe ilijaa, wakahamia Bertrams, kwenye nyumba kuukuu ya matofali iliyogawanywa vyumba, si mbali na uwanja wa Ellis Park. Luka alipata kazi ya kuendesha pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi. Octavian alikua, akisemeshwa Kiswahili anajibu Kizulu, na mama yake akichoka kumgombeza kwa lugha hizo mbili alihamia Kiluguru, ndipo wote wawili wakacheka.

Mikono ya Beatha ilikuwa na taratibu zake. Maji ya kukandia aliyapima kwa kiwiko chake mwenyewe. Mafuta ya nazi aliyachanganya na karafuu iliyotwangwa. Mfupa uliovunjika hakuugusa, wala mwili wenye homa. Na kiungo chochote alicholetewa hakuanza na kile kinachouma, alianza na mwenzake. Ukimpelekea goti la kulia alisema, "Lete la kushoto kwanza." Wagonjwa walilalamika kwamba anapoteza muda. "Nitajuaje kilichoharibika," alijibu, "sijaona kizima?"

Chumba cha ng'ambo ya ukumbi alikaa Victorine, msusi kutoka Bukavu, na mumewe Pitchou, mlinzi wa duka la vito, na binti yao mdogo Arlène. Victorine alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kupasua dari, na hata akienda kununua chumvi kwenye spaza, kiduka cha mtaani, alivaa kana kwamba anakwenda harusini. Yeye na Beatha walianza kwa kugombana juu ya kamba ya kuanikia nguo. Kufikia Krismasi ya mwaka ule walikuwa wanakula sahani moja.

"Mama Octa," Victorine humwambia, "nyinyi Watanzania hamuna haraka hata moto ukiwa mu nyumba."

"Na nyinyi Wakongo nyumba ikiungua mnaanza kuokoa viatu."

"Sasa nikitoka bila viatu, bazima moto batanionaje?"

Katikati ya mwaka 2004, baridi ilipokuwa kali, Victorine aliota tezi shingoni. Zikakua, zikawa ngumu kama mbegu za parachichi. Hospitali kubwa ya serikali ilimpima ikasema ni saratani ya tezi, na kwamba inatibika, lakini dawa zake ni kali na zitaingizwa kwenye damu mara kwa mara kwa miezi mingi. Baada ya mizunguko ya kwanza mishipa ya mikono yake ilianza kuungua na kujificha. Ndipo madaktari wakampitishia mrija mwembamba wa plastiki. Ulichomoza kwenye ngozi ya kifua, upande wa kulia, ukifunikwa na plasta. Ndani ulipita chini ya mfupa wa bega, ukaingia kwenye mshipa mkubwa na kuishia karibu na moyo.

Muuguzi wa wodi ya saratani aliitwa Sista Lerato. Siku mrija ulipowekwa aliwakalisha chini Victorine na Beatha, akaeleza kwa Kizulu, na Beatha akatafsiri. Usiuloweshe. Usiuvute. Njoo kila wiki usafishwe. Ukipata homa, njoo. Mkono, shingo au uso ukivimba, njoo siku hiyohiyo, usingoje.

"Ameelewa?" Sista akauliza.

Victorine, aliyekuwa ameitikia kila sentensi kwa kichwa kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani, alimgeukia Beatha. "Mwambie nimeelewa. Mwambie pia ile nyusi yake ya kushoto, naweza kuitengeneza."

Nywele zake zilipukutika zote. Akavaa wigi, akarudi saluni. Wateja waliposhangaa kuona msusi hana nywele aliwaambia, "Zangu zote nimezigawia nyinyi, bado hamushukuru?" Wakacheka, lakini si wote waliorudi. Wapo waliosikia neno saratani wakahamia saluni nyingine. Kanisani wapo walioacha kupokea chakula alichokipika. Beatha aliliona hilo, akaanza kwenda kula kwake hata siku alizokuwa ameshiba.

Ikaja Desemba. Johannesburg nzima husuka nywele mwezi huo, maana watu wanasafiri makwao kwa sikukuu na hakuna anayetaka kufika na kichwa kilichotimka. Victorine alikatazwa kufanya kazi nyingi, akafanya. Alisimama nyuma ya viti vya saluni toka asubuhi, akasuka misuko midogo kama mbegu za ulezi, na wiki ya kusafisha mrija ikampita.

Jioni moja alipita mlangoni kwa Beatha akijishika bega. "Mukono huu unakuwa muzito. Kama nimebeba ndoo."

"Ni kusuka huko. Kila Desemba unalia mkono."

"Basi utanichua?"

Beatha alikuwa na mzazi Kensington, mtoto wa kwanza, mama na mtoto wote wanamtegemea. "Nikimaliza na huyu nakuja kwako. Pumzika, uwekee taulo la moto." Akampa na chupa ndogo ya mafuta. Hakuutazama ule mkono, maana mlango ulikuwa na giza, na Victorine alikuwa amejitanda shali.

Asubuhi ya Jumamosi iliyotangulia Krismasi kelele zilisikika barabarani kwenye baraza la fundi Bakiri, mtu wa Tanga aliyeshonea nusu ya Bertrams. Beatha alikuwa anarudi kutoka Kensington na beseni lake kwapani. Akaona watu wamejikusanya, na katikati yao wigi la Victorine likitikisika kwa hasira.

"Kuya, Mama Octa, ukuwe shahidi!" Victorine alimwita. "Huyu baba ameniharibia kitenge cha Noeli!"

"Dada, kwanza salamu," Bakiri akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha tukanwa vya kutosha. "Shikamoo, Mama Octavian."

"Marahaba, fundi. Kuna nini?"

"Mukono wa kuume ameukata mudogo," akadakia Victorine. Blauzi ilikuwa imemkwama mwilini, mkono wa kushoto umevaliwa, wa kulia umegota juu ya kiwiko. "Alisinzia. Alikuwa amefunga Ramadhani, akaona usingizi."

"Ramadhani imekwisha zamani, usinisingizie njaa. Mimi nimeshona kanzu za masheikh na suti za wachungaji wenu. Mkasi wangu haupendelei upande."

"Basi ni cherehani ilisinzia!"

Watu wakacheka. Bakiri akaomba apewe ile nguo. Victorine akaivua nyuma ya pazia, akaitupa nje kwa mkono wa kushoto, akatoka amejifunga shali. Fundi akaitandaza mezani, akaikunja bega juu ya bega, akalaza mkono mmoja juu ya mwingine na kuupapasa kwa kiganja. Pindo zililingana, mishono ililingana, hakuna uliozidi wala uliopungua. Akainua macho. Ushindi wake ulikuwa mezani.

"Basi dada umenenepa," mmoja wa waliosimama akasema.

"Anenepe mkono mmoja?" mwingine akamjibu, kicheko kikapasuka tena.

Beatha naye alikuwa akicheka. Akaacha. Aliliweka beseni chini, akamshika Victorine kiunoni na kumrudisha nyuma ya pazia.

"Toa shali. Nipe wa kushoto kwanza."

"Mama Octa, wa kushoto hauna kitu."

"Nipe."

Mkono wa kushoto ulikuwa umekonda, kama mwili wote ulivyokonda kwa dawa. Ule wa kulia ulikuwa umejaa toka vidoleni hadi begani, ngozi imenyooka na kung'aa, yenye rangi ya zambarau iliyofifia. Pete ilikuwa imezama kidoleni. Na begani, na juu ya kifua karibu na plasta ya mrija, mishipa midogo ambayo Beatha hakuwahi kuiona kwa rafiki yake ilikuwa imetokeza na kusambaa kama mizizi inayotafuta njia.

"Ni kusuka," Victorine akasema, sasa kwa sauti ya chini.

"Kwani wewe unasuka kwa mkono mmoja?"

Victorine akajaribu kuizungusha pete, ikagoma. Na papo hapo Beatha akaisikia sauti yake mwenyewe, ile aliyoitoa wodini miezi iliyopita akitafsiri: mkono ukivimba, njoo siku hiyohiyo. Maneno hayo yalipita kinywani mwake, yakatoka, akayasahau. Yeye aliyejivunia kutazama kiungo kizima kwanza, safari hii alikuwa ametuma taulo la moto bila kutazama chochote.

Walipofika chumbani kwa Victorine, habari zilikuwa zimewatangulia na maji yalikuwa yamekwisha chemka. Mama Thérèse, jirani wa kanisani, alikuwa ameyaweka kwenye karai, taulo mbili pembeni, na chupa ya mafuta imewekwa juani ipate joto. Pitchou alikuwa amesimama katikati ya chumba na sare yake ya ulinzi, anatakiwa kazini, haondoki.

"Asante Mungu umefika," Thérèse akasema. "Kaa hapa, Mama Octavian. Uchue toka juu ushuke, hiyo damu mubaya itoke."

"Siuchui," Beatha akasema.

Mama Thérèse akasimama na taulo mkononi.

"Unasemaje?"

"Sigusi mkono huu. Twende hospitali, sasa hivi."

"Hospitali siku ya Jumamosi!" Thérèse akapiga makofi. "Watu wamekaa kwenye foleni mpaka jioni, wanapewa panado. Mikono yako iko hapa, maji iko hapa. Kwetu mugonjwa hakataliwi."

"Mama Octavian, tafadhali," Pitchou akasema. "Mgongo wangu uliuchua, nikapona. Huyu ni mke wangu."

"Shemeji, mgongo wako niliuelewa. Huu siuelewi. Una kitu ndani yake, na kitu hicho kimefika mpaka karibu na moyo. Nikisukuma, nitasukuma nini, kwenda wapi?"

Victorine alikuwa amekaa kitandani, mkono umelala mapajani kama mtoto wa mtu mwingine. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomwogopesha Beatha.

"Sema kweli, Mama Octa," akasema. "Nawe uko unaogopa. Batu balishaacha kukula ku sahani yangu. Bateja balishanikimbia. Nilisema, haizuru, iko mutu mumoja. Leo nakuletea mukono, nawe unaukataa mbele ya batu."

Hakuna alilowahi kuambiwa Beatha, si na mkwe, si na walimwengu, lililomwingia namna ile. Mikono yake yenyewe ilimwasha. Ilitaka kufanya kitu ilichokijua. Ingekuwa rahisi sana kukaa, kutia kitambaa majini, kubonyeza polepole, na wote wangefurahi, na Victorine angefumba macho na kusema aah, kama alivyosema kila Desemba. Mezani palikuwa na sahani ya asubuhi ya Victorine, ugali wa muhogo uliomegwa nusu na sombe, mboga ya majani ya muhogo, imeanza kukauka. Beatha akaivuta. Akamega tonge, akachovya, akala. Akamega jingine, akala. Wakamtazama mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Nimekula," akasema, akifuta midomo. "Kama una maradhi ya kunipa nimeshayapokea. Sasa simama, twende."

 Kona ya mdomo wa Victorine ikatikisika.

"Ile sombe imelala toka jana," akasema.

"Niliisikia. Simama."

"Siendi ku munganga na hii wigi ya kazi. Nipe ile ya Noeli."

Luka alikuwa amekuja nyumbani kula, na pikapu ya duka. Akageuza gari bila kuuliza. Victorine alikaa dirishani, mkono umeinuliwa juu ya mto, Beatha katikati akimshika ule wa kushoto kwa nguvu, na Pitchou nyuma kwenye mabati, sare yake na yote, akiwapungia mkono wenye magari wampishe. Kila taa ya barabarani, ambazo huku watu wote wanaziita roboti, ilikuwa nyekundu.

"Luka, pita tu," Beatha akasema.

"Eish, mama, nikipita tutakuwa wagonjwa wanne."

Karibu na hospitali Victorine alinyamaza, na pumzi yake ikawa fupi. Beatha akaanza kumsimulia habari za mzazi wa Kensington, kwamba mtoto ana masikio ya babake, makubwa, wameyafichaficha kwenye kofia. Hakujua anachosema. Alitaka tu Victorine aendelee kumwambia kwamba Watanzania wanaongea sana.

Sista Lerato alikuwa zamu. Aliutazama mkono, akaitazama shingo, wala hakugomba. Akaleta kiti cha magurudumu mwenyewe. Muda si mrefu Victorine alilazwa kwenye chumba chenye giza, akapakwa mafuta baridi shingoni na begani, na daktari kijana akatembeza kifaa cha kupiga picha za ndani ya mwili huku akitazama kioo.

"Hii si ile ya bajawazito?" Victorine akanong'ona.

"Ndiyo hiyohiyo," Beatha akasema, akamtafsiria Sista.

"Mwambie leo tunatafuta mtoto wa shingoni," Sista akajibu, na hata daktari akatabasamu.

Walimpata. Damu ilikuwa imeganda kuuzunguka mrija, ndani ya mshipa mkubwa chini ya mfupa wa bega, na njia ya kurudisha damu kutoka mkononi ilikuwa karibu imezibwa yote. Ndiyo maana mkono ulijaa, na ndiyo maana mishipa midogo ya kifuani ilikuwa imetanuka ili kupitisha iliyokwama. Daktari alieleza kwa Kiingereza, Sista kwa Kizulu, na Beatha akatafuta namna ya kuisema. "Ni kama mwiko ulioachwa kwenye uji," akamwambia rafiki yake. "Uji unaganda kwenye mti. Hapo mwiko ni ule mrija."

"Kwa sababu nilisuka?"

Sista alitikisa kichwa. Hapana. Mwili unauona mrija kama mgeni, na damu hupenda kumgandia mgeni. Tena saratani yenyewe huifanya damu iwe rahisi kuganda. Wapo wanaokaa na mrija mwaka mzima bila tatizo, na wapo wanaopata hili wakiwa wamelala tu kitandani. Kosa ni kungoja.

Beatha akauliza lile alilokuja nalo toka Bertrams. "Na kama ningeuchua?"

Sista Lerato aliitazama chupa ya mafuta iliyochungulia kwenye mkoba wa Beatha. "Huenda pasingetokea kitu," akasema. "Na huenda kipande kingekatika, kikapita moyoni, kikaenda kuziba mapafu. Hapo tusingekuwa tunaongea naye sasa."

Beatha alitoka nje ya chumba, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Pitchou akaja kukaa karibu naye. Alivua kofia yake ya kazi akaanza kumpepea nayo.

Lililobaki kumtisha Victorine ni mrija wenyewe. Ukitolewa, dawa zitapita wapi? Mishipa ya mikono ilikuwa imekwisha. Madaktari walikuja, wakapima, wakaondoka, wakarudi. Mwishowe wakasema mrija bado unapitisha vizuri, ncha yake iko mahali pake, hakuna usaha wala homa. Utabaki, na damu itatibiwa ukiwa humohumo. Kwa mgonjwa wa saratani kama yeye wataanza na sindano za kuzuia damu kuganda, za ngozi ya tumbo, kila siku kwa miezi. Alilazwa sikukuu nzima. Pumzi ikamrudia, na mkono ukaanza kupungua polepole, kwanza vidole, kisha kifundo, mpaka siku moja pete ikazunguka yenyewe.

Beatha alikwenda kila siku ya kutazama wagonjwa. Walikuwa wamerudi kwenye utani wao, lakini kwanza kulikuwa na jambo la kumaliza.

"Mama Octa, siku ile niliongea mubaya."

"Uliongea."

"Ningekufa, ungelia?"

"Ningelia mpaka Wakongo wenyewe waje waniambie inatosha."

"Beee," Victorine akasema, ameridhika. "Na ungevaa nini?"

Kabla ya kuruhusiwa, ilibidi apatikane mtu wa kuchoma zile sindano nyumbani. Sista Lerato alimpa Pitchou chungwa na bomba la sindano ajaribu. Pitchou, ambaye kazini husimama mbele ya mlango wa vito bila kupepesa, aliitazama ile ncha, akalitazama chungwa, akaomba maji ya kunywa, kisha akaomba kiti.

"Mupeni Mama Octa," Victorine akasema kitandani. "Huyu tutamupoteza."

Beatha akajifunza. Alijifunza kunawa, kubana ngozi kwa vidole viwili, kuingiza sindano wima bila haraka, kusukuma dawa taratibu, kuchomoa. Alifanya vizuri kwenye chungwa la kwanza. Alipochomoa tu, kidole gumba chake kikashuka chenyewe kikaanza kulisugua lile tundu, kwa mzunguko, kama kilivyosugua kila maumivu toka utotoni Mgeta.

"Usisugue!" Sista akamgonga kiganja. "Hapo hapachuliwi. Patatoka damu chini ya ngozi. Ukishachomoa, acha."

"Niache tu?"

"Acha tu."

Chungwa la pili, kidole kikashuka tena. La tatu vilevile. Wodi nzima ilikuwa inamtazama sasa. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho alianza kumpigia makofi kila akikumbuka na kumzomea kila akisahau.

Jioni ya kwanza nyumbani Victorine alilala chali, blauzi imepandishwa, Arlène amefukuzwa nje acheze, Pitchou ameelekea ukutani kwa hiari yake. Beatha alinawa mikono kwa muda mrefu. Akabana ngozi, akachoma, akasukuma, akachomoa. Tone dogo la damu likatokeza kwenye tundu. Victorine akakunja uso.

"Inauma?"

"Inachoma kidogo."

Beatha akakiona kidole gumba kinajongea.

"Toa mukono, Mama Octa!" Victorine akapiga kelele. "Sista alisema nini?"

"Sijagusa."

"Ulikuwa unakuja. Nimekuona."

Beatha alivuta kigoda, akaketi karibu na kitanda, akaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja yake na kuvikalia kwa uzito wake wote. Wakakaa hivyo, mmoja amelala, mwingine amefungwa na mwili wake mwenyewe, mpaka mchomo ukapita.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa imeisha," Victorine akasema, akashusha blauzi. "Unaweza kufungua."